Tumempeleka baba kulala kambi ya kifahari Hifadhi ya Nyerere: uzi kwa watu wa Lindi na Mtwara

Binti Mchinga (mleta uzi)

Habari za jioni wana kusini.

Kila msimu wa korosho ukilipa vizuri, swali hurudi humu: tukapumzike wapi? Majibu huwa Zanzibar, Ngorongoro, na kwa wenye uwezo zaidi Dubai. Ni nadra mtu kutaja pori lililo mgongoni kwetu. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Hakuna hifadhi ya taifa kubwa kuliko hiyo Tanzania nzima, na upande wake wa kusini unaingia wilaya yetu ya Liwale.

Mwaka huu sisi watoto tulichangishana tukampeleka baba. Yalikuwa mapumziko mafupi, kambi ya kifahari upande wa mto Rufiji, kila kitu kimelipiwa kabla. Naandika kwa sababu niliyoyaona kule hayafanani na matangazo, na nadhani mtu wa Lindi au Mtwara anahitaji kusimuliwa na mtu wa kwao.

Baba yangu ni Mngindo wa Liwale. Amelima mahindi, mtama na ufuta maisha yake yote. Kwake pori ni kule anakotoka nguruwe usiku kuja kufukua mihogo, na anayemfuata nguruwe ni simba. Wenye umri wangu mtaikumbuka ile miaka simba walipokula watu Lindi, Mtwara na Rufiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania tangu mwaka 1990, na pwani yetu ya kusini ni miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, watu wakilala madunguni, vile vichanja vya shambani, kulinda mazao. Baba amelala dunguni misimu mingi, na debe la kugonga na kijinga cha moto. Nilipomwambia kwamba tunakwenda kulala porini kwa starehe alinyamaza, kisha akauliza, "Tutalinda nini huko?"

Nikamwambia hatulindi kitu.

Kambi yenyewe ni mahema, ila si hema la kuinama. Turubai zito limesimamishwa juu ya jukwaa la mbao, juu yake paa la makuti, ndani kitanda kipana chenye chandarua, bafu la maji moto nyuma, na mbele kibaraza kinachotazama maji. Hakuna uzio wowote. Giza likiingia hutembei peke yako hata hatua chache za kwenda kula. Unamulika tochi, askari wa kambi anakuja kukuchukua. Kabla ya alfajiri mtu anakuletea chai mlangoni na kukuita kwa sauti ya chini. Chakula ni kingi kupita mahitaji ya mtu. Mimi ningefurahi zaidi wangepunguza vyakula vya kigeni na kupika samaki wa mto kwa nazi, na siku tuliyoomba walipika, na wapishi walionekana kufurahi kuliko sisi.

Jambo la Waislamu wenzangu: ulizeni habari ya nyama kabla hamjalipa. Sisi tuliuliza, tukajibiwa vizuri, na tulipofika meneja alikuwa ameshawaeleza jikoni. Kibla kutoka kule ni kaskazini moja kwa moja, kama kwetu Lindi. Baba alitandika mkeka kibarazani na kuswali huku viboko wakikoroma majini.

Sasa niseme kilichonigusa zaidi. Asubuhi moja tuliwakuta simba majike na watoto wao waliokwisha kukua, wamelala kivulini karibu na ziwa. Gari za kule ziko wazi pembeni, hakuna kioo. Kijana anayetuongoza alizima injini. Baba alishika chuma cha kiti, akatazama kwa muda mrefu bila kusema. Mimi nilikuwa namtazama yeye zaidi ya simba. Kisha akauliza, "Hawa kiangazi wanakula nini?"

Kijana akaeleza kwamba kiangazi mabwawa madogo ya ndani hukauka, kwa hiyo swala pala, nyumbu na nyati hawana budi kushuka kunywa kwenye mto na maziwa, na simba hukaa papo hapo kuwangoja. Mvua zikinyesha maji yanapatikana kila mahali, wanyama wanatawanyika, simba naye inambidi azunguke.

Baba akasema, "Basi ndiyo maana kwetu walikuwa wanakuja masika." Akaanza kumsimulia yule kijana jinsi nguruwe wanavyojua shamba limekomaa, jinsi wanavyoingia kwa upande usio na upepo, na jinsi mtu wa dunguni anavyotambua kwa ukimya wa nguruwe kwamba kuna mwingine amefika. Kijana aliuliza swali baada ya swali. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyekumbuka picha.

Usiku tembo waliingia kambini kula matunda ya mikoma nyuma ya mahema. Asubuhi baba aliniambia alisikia matawi yakivunjika, akaamka kutafuta debe, akakumbuka kwamba hana shamba hapo, akalala tena. Nimefikiri sana juu ya hilo. Watu wanalipa fedha nyingi kwa shuka nyeupe na glasi ya kinywaji jua linapozama, nami sina ubaya na hayo. Lakini kwa mtu wa kwetu anasa halisi ya mahali pale ni kumsikia tembo na kutokuwa na kitu cha kupoteza. Wazee wetu wachache mno wamewahi kuipata.

Ulizeni maswali, nitajibu ninayoyajua.

Korosho Daraja la Kwanza

Dada umeandika kitu cha maana. Tupe njia na gharama. Mimi niko Masasi.

Binti Mchinga

Kaka, njia kwanza. Ukiwa Masasi, Mtwara au Lindi unashika barabara ya Dar es Salaam, unapita Nangurukuru na Somanga, unavuka mto Rufiji kwenye daraja la Mkapa, unapita Ikwiriri, kisha unaacha lami kuelekea Mloka. Hapo Mloka ndipo lango la Mtemere lilipo. Kipande cha kutoka lami hadi Mloka ni kirefu na ni cha vumbi, mvua zikinyesha ni tope la mfinyanzi. Nenda na gari ya juu au panga kambi ije ikuchukue. Na ulizia hali ya Somanga kabla hujaondoka nyumbani. Sote tunakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilivyokata barabara pale na kusini nzima ikabaki imetengwa.

Njia ya pili ni ndege. Kutoka Mtwara unakwenda Dar es Salaam, pale unapanda ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja cha udongo ndani ya hifadhi. Ni fedha nyingi zaidi. Mizigo kwa kawaida ni kilo 15 tu kwa mtu, tena begi laini. Sanduku gumu litakataliwa.

Gharama. Kambi za juu kabisa kule zinavuka dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku msimu wa kilele. Za kati ni dola mia kadhaa. Nje ya lango, Mloka, kuna malazi ya kawaida ya bei nafuu sana kuliko hizo, na unaingia hifadhini mchana na kutoka jioni. Kiingilio cha mwananchi hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni anayelipa dola. Beba kitambulisho cha taifa cha kila mtu, na malipo ya hifadhi yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa fedha mkononi.

Jambo kubwa ni hili: uliza bei ya mwananchi. Kampuni ya kwanza tuliyowasiliana nayo ilitutumia bei ya wageni wa nje bila kuuliza sisi ni akina nani. Nilipoandika kwamba sote ni Watanzania, bei ilibadilika sana. Na uliza bei ya msimu wa chini pia. Kambi nyingi hufungwa Aprili na Mei kwa sababu ya mvua. Wiki zinazokaribia kufungwa na zile za mwanzo baada ya kufunguliwa huwa na punguzo. Sisi tulikwenda kwa punguzo la namna hiyo, na tulichangia ndugu wengi. Mtu mmoja kwa mshahara wa kawaida asijilazimishe kukopa kwa ajili ya hili.

Mwana wa Liwale

Dada, nimekusoma mpaka mwisho na sina nia ya kukuvunja moyo, maana nami mzee wangu amelala dunguni. Lakini niseme linaloniuma. Mwaka jana tembo walipita kwetu ufuta ukiwa unakaribia kukatwa. Kilichobaki hakikujaza gunia. Watoto wawili wa jirani waliacha kwenda shule kwa wiki nzima kwa kuwa njia inapita pale tembo walipokaa. Sisi tunaishi nao bila kulipwa, mwingine analipa dola kuwatazama kutoka kwenye kiti, na fedha zile hatujui zinaishia wapi. Ukiwasifia humu, sema na hili.

Binti Mchinga

Kaka yangu, pole sana, na umesema haki. Sikutaka uzi huu uwe wa kusifia tembo na kumsahau mkulima. Baba yangu asingeniruhusu.

Tulilizungumza hili kule kwa kirefu, baba na wale vijana. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au jeraha. Kanuni zile ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa. Kwa mazao, malipo yalipangwa kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na hayakuzidi ekari 5 hata kama umepoteza kumi. Jina lenyewe linasema kwamba hiyo haikuwa fidia. Mtu aliyepoteza ufuta wa mwaka mzima anapofutwa jasho, bado hana ada ya shule.

Na kuna la zamani zaidi. Wazee wa Liwale wanajua kwamba miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wangindo kutoka vijiji vilivyo magharibi ya Liwale, sababu iliyotajwa ikiwa ugonjwa wa malale, na ardhi ile ikaingizwa kwenye Selous. Babu yake baba alizikwa huko ndani. Kwa hiyo tulipokuwa tumekaa kibarazani na mtu anatuuliza kama tunapenda barafu kwenye juisi, baba alikuwa mgeni katika nchi ambayo ukoo wake ulitolewa. Alilisema hilo mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, na kijana wetu hakujaribu kulipita. Alikaa akasikiliza.

Upande wa pili, nami niuseme kwa moyo wangu wote, sitaki tembo waishe. Makadirio ya miaka ya 1970 yalitaja tembo zaidi ya 100,000 katika Selous na maeneo yanayoizunguka. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000. Meno yaliuzwa, walionufaika walikuwa mbali na Liwale, na mwaka uliofuata UNESCO iliiingiza Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mkulima wa kwetu hakupata chochote tembo walipokuwa wanauawa, na sasa wanapolindwa anapata kidogo mno. Madai yako kwangu ni ya haki katika hali zote mbili.

Ndiyo maana naona ni muhimu watu wa kusini tuende, hata kama ni kwa kulala Mloka na kuingia mchana. Pale mezani jioni kulikuwa na wageni wa nchi za nje ambao hawajawahi kusikia neno dungu. Baba aliwaeleza, mimi nikitafsiri. Mmoja wao aliuliza kama wakulima wanalipwa. Meneja wa kambi alikuwa amekaa nasi, ikambidi ajibu mbele ya wote. Mazungumzo kama hayo hayatokei sisi tusipokuwepo.

Njia za Rufiji

Naomba nichangie. Mimi ni mzaliwa wa Ikwiriri na nimefanya kazi ya kuongoza wageni porini kwa muda mrefu. Dada amesema mengi vizuri, naongeza machache ya kazi.

Nguo: vaeni rangi ya udongo, kahawia au kijani kilichofifia. Acheni bluu na nyeusi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo, na ndiyo maana mitego yao mnayoiona imetundikwa kwenye miti hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Dawa za kupaka mwilini haziwasumbui sana mbung'o. Nguo nzito ya mikono mirefu inasaidia zaidi. Malaria ipo, chukueni tahadhari kama mnavyochukua nyumbani. Mifuko ya plastiki muiache, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Wakati: Juni hadi Oktoba ni kiangazi, nyasi zimeshuka, wanyama wako majini. Novemba hadi mvua kubwa ni wakati wa ndege na wa wanyama wanaozaa, pori ni kijani, ila kuwaona wanyama kunataka subira. Mkitaka mbwa mwitu, huku ni miongoni mwa sehemu bora zaidi Afrika. Mwezi wa sita na wa saba huwa na mashimo wanayolea watoto, hivyo hawatembei mbali sana.

Ombi langu kubwa ni msikimbie. Watu wa nyumbani wakija hutaka waone simba, tembo, nyati na chui kwa mchana mmoja, halafu waondoke. Pori letu si tambarare wazi kama Serengeti. Ni miombo, vichaka, mivumo na maziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu. Uzuri wake uko kwenye mambo mawili ambayo hifadhi nyingi za kaskazini hazina kwa kiwango hiki, nayo ni boti na kutembea kwa miguu. Kwenye boti tunazima injini tunaacha maji yatusogeze. Utaona ndege waitwao keremkeremu wametoboa ukingo wa mto kwa mamia ya matundu, furukombe amekaa juu ya mvumo uliokufa, mamba amefungua kinywa kupoza mwili. Kiboko usimkaribie, tunagonga kidogo ubavu wa boti ili ajitokeze tujue alipo.

Kwa miguu tunakwenda mstari mmoja, askari mwenye bunduki mbele, hakuna kuzungumza, tunapima upepo kwa majivu au vumbi. Kambi nyingi haziruhusu watoto wadogo kutembea. Wazee wanaruhusiwa wakiwa na afya. Na wazee wa kusini ndio wageni ninaowapenda kuliko wote, kwa sababu wananifundisha.

Bakshishi: mara nyingi kuna sanduku la pamoja kwa wapishi, wafua nguo na mafundi. Msimpe mwongozaji peke yake.

Msimbati Pwani

Mkuu Njia za Rufiji, shukrani. Dada, mzee alitembea kwa miguu? Baba yangu ana miaka sabini na kitu na nasita.

Binti Mchinga

Alitembea, na hiyo ndiyo asubuhi aliyoifurahia kuliko zote.

Mwanzo kijana wetu alikuwa anaeleza: huu mpingo, huu mninga, hizi nyayo za kuro. Baada ya muda mfupi wakawa wanapeana zamu. Baba alionyesha magome ambayo kwao huchemshwa kwa maumivu ya tumbo, mti ambao kamba yake hufungia mzinga, na udongo ambao nguruwe hupenda kufukua. Alisimama mbele ya mpingo mmoja mzee, akaupiga kwa ncha ya fimbo, akasema mti wa namna hii Mmakonde akiupata anachonga ukoo mzima ndani yake. Ninyi wa Mtwara mtaelewa.

Kisha alisikia ndege. Yule ndege wa asali, wengine humwita mlembe, anayekuita kwa kelele na kuruka mti hadi mti mpaka akufikishe penye nyuki. Baba alikuwa mrina asali ujanani. Alijibu kwa mluzi wake, ndege akasogea, akalia kwa nguvu zaidi. Wayao wenzetu ng'ambo ya Ruvuma, Niassa, wanamwita kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaomalizika kwa mguno, na watafiti walioupima walichapisha mwaka 2016 kwamba mlio ule unapanda nafasi ya kuongozwa kutoka theluthi moja hadi theluthi mbili. Nilimsomea baba baadaye. Alisema hakuhitaji kupimiwa, lakini alifurahi kwamba wamekwenda kuuliza.

Ndege hatukumfuata. Ndani ya hifadhi ya taifa asali hairinwi. Kijana alieleza kwa heshima, baba akakubali, ila alimwomba ndege radhi kwa Kingindo kabla hatujaondoka, maana kwa desturi yao ndege akikuongoza unamwachia sega lake, na yule alibaki bila kitu. Askari mwenye bunduki alivua kofia.

Kuhusu mzee wako: waambie kambi mapema wapange mwendo mfupi, alfajiri, kabla jua halijawa kali. Kama magoti hayaruhusu, boti inatosha kabisa. Anakaa kwenye kiti, ana kivuli juu, na anaona karibu kila kitu.

Korosho Daraja la Kwanza

Je, Kilwa inaunganishika na safari hiyo hiyo, au inabidi kuchagua?

Binti Mchinga

Inaunganishika vizuri kwa anayerudi kusini kwa barabara. Nangurukuru unakata kushoto, unafika Kilwa Masoko, unavuka kwa mashua hadi Kisiwani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya Selous. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331. Sisi tulilala Masoko kwenye nyumba ya wageni ya kawaida kabisa, tukala samaki, na baba alisema amelala vizuri kuliko kambini kwa kuwa hakuna mtu aliyekuja kukunja neti yake.

Nisingeunganisha na Tendaguru, kile kilima cha Lindi chenye mabaki ya dinosaria, katika safari moja. Mifupa ile mikubwa iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 iko Berlin, na pale kilimani utakutana na njia ngumu. Hiyo iwe safari yake yenyewe.

Mwana wa Liwale

Dada, nimerudi. Nimesoma majibu yako kwa utulivu. Maswali mawili. Kwanza, kupitia Liwale inawezekana? Pili, kambi yenu ilikuwa inanunua chakula wapi?

Binti Mchinga

Kupitia Liwale inawezekana kuingia hifadhini, lakini kambi nyingi za kifahari ziko kaskazini, kandokando ya Rufiji na maziwa yake. Upande wetu ni miombo mikubwa iliyokuwa vitalu vya uwindaji, njia ni chache, na mtu anahitaji gari imara, mafuta ya akiba na mtu anayeijua njia. Ukitaka kumpeleka mzee apumzike, pita Mloka. Ukitaka aione nchi ya ukoo wake, fika kwanza ofisi ya hifadhi Liwale uwaeleze unakotaka kufika, na uende kiangazi.

La pili nililiuliza mwenyewe, kwa kuwa nafanya biashara ya vyakula. Mboga, mayai na matunda yalikuwa yanaletwa kwa gari kutoka Dar es Salaam. Asali ya mezani ilikuwa ya chupa ya dukani, na sisi tumezungukwa na warina asali. Korosho ndizo zilizotoka kusini, na hata hizo zilipitia kwa mfanyabiashara wa mjini. Nilimwambia meneja pale pale. Alisema tatizo lao ni kupata mzigo uleule kila wiki, kwa kiwango kilekile. Jibu hilo naliona la kweli, na ni jambo ambalo kikundi kinaweza kulishughulikia.

Mwana wa Liwale

Asali tunayo. Kijiji chetu kimo kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Magingo, na kuna vijana walioanza kutundika mizinga kuzunguka mashamba kwa sababu tembo hapendi nyuki. Mzigo wa kila wiki peke yetu hatuuwezi, ila tukiungana na vijiji jirani wakati wa mavuno tunaweza kuchuja na kufungasha wa miezi kadhaa. Mkutano wa kijiji uko baada ya mnada wa ufuta. Nitalipeleka pale. Naomba uniandikie pembeni jina la mtu wa kuzungumza naye kambini.

Binti Mchinga

Nimekuandikia. Na baba anasema mizinga muitundike kabla ya maua ya miombo, Septemba msiingoje. Akitoka msikitini nitamuuliza zaidi nikuletee.